Ticha Aliyefundisha Ritifaa Bure

Mfuko wa kushoto wa shati lake ulikuwa na mbegu za maboga, zimekaangwa, zimetiwa chumvi. Mwalimu anayebeba chaki nimemwona. Anayebeba kiboko nimemwona pia, na mmoja wao aliniachia kumbukumbu mgongoni. Lakini mwalimu wa Kiingereza anayenukia mbegu za kukaanga, hapo nilisimama, nikamtazama, nikarudia kumtazama.

Tulimwita Ticha. Jina la Mwalimu nchi hii lilikuwa na mwenyewe tayari, hakuna aliyetaka kuligombea. La ubatizo alikuwa nalo, nadhani, na lilijulikana siku ya mshahara. Alikozaliwa sikuuliza. Mtu akitaka kukudanganya huanzia huko huko, kwa babu yake aliyekuwa jumbe.

Miaka yenyewe ilikuwa ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yalianza kujaa, na sisi tuliozoea foleni ya sukari tulikuwa bado hatuamini. Ukiona sabuni imewekwa wazi dirishani unadhani ni mtego. Mimi nilikuwa nauza mitumba sokoni Songea mjini. Kazi ile inafundisha jambo moja: nguo nzuri yenye bei nyepesi ina tundu mahali. Shughuli yako ni kulitafuta tundu kabla hujafungua pindo la kanga. Kwa hiyo binti yangu Tumaini aliporudi shuleni akaniambia kuna mwalimu wao anafundisha jioni nyumbani kwake Bombambili, nilimwuliza:

"Kwa shilingi ngapi?"

"Bure, mama."

"Bure vipi?"

"Hatozi. Unakwenda tu."

"Anafundisha nini?"

"Ritifaa."

"Ndiyo mdudu gani?"

Akachora hewani kwa kidole kitu kama mkia wa kiluwiluwi.

"Hako?"

"Hako."

"Mtu mzima anakaa jioni nzima kufundisha hako, bure."

"Ndiyo, mama."

"Kesho tunakwenda wote."

Msinicheke. Binti wa mwenzangu, tuliyepakana naye turubai pale sokoni, aliwahi kufundishwa hesabu bure na mwalimu mmoja, akarudi nyumbani na mtoto. Tumaini alikuwa kidato cha tatu. Baba yake alikuwa amekwenda machimboni Tunduru kutafuta mawe ya thamani, akapata mke. Kwa hiyo mtoto yule alikuwa wangu peke yangu, na nilikuwa nimeapa hatapanga nguo chini kwenye turubai kama mimi. Kiswahili alikuwa vizuri, historia si haba. Kiingereza kilikuwa kinamzamisha, na bila Kiingereza mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Nilimhitaji Ticha. Ndiyo sababu sikumwamini: anayekuona unahitaji ndiye anayekupandishia bei.

Nilikwenda na furushi langu. Nilisema nitapanga nguo huku namsubiri mtoto, na kweli nilipanga. Niliingia, nikampa shikamoo mke wake aliyekuwa anapepeta mchele uani. Mke alikuwepo, hilo lilinipunguzia kidogo. Siku ya pili nilichungulia tena uani nihakikishe kwamba mke ni yule yule.

Mlangoni nilihesabu viatu. Nikahesabu watoto. Nikarudia viatu. Jozi na vichwa vililingana, na kila jioni nilifanya hivyo kabla sijakaa, na kabla hatujaondoka nilifanya tena.

Sasa niwaambie alivyofundisha, maana hapo sina la kumsingizia. Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, juu nyasi. Ubao hakuwa nao. Aliandika kwa chaki sakafuni, herufi kubwa kama mikate, na watoto wakakaa kuizunguka sentensi kama wanaota moto. Kisha alitia mkono mfukoni akagawa mbegu za maboga. Nadhani mnaijua mbegu ya boga ilivyo: kichwa kinene, mkia mwembamba. Ukiiweka juu ya herufi, ni ritifaa kamili, haihitaji hata kuongezewa.

Kila mtoto alipata mgawo wake. Neno *mgawo* ni lake, la zamani za duka la kaya, na alilitamka kwa heshima zote. "Mgawo wako ni huu mpaka kesho," alisema. "Ukiuweka mahali pake, unabaki nao. Ukiuweka ovyo, umepotea."

Ulipotea kweli. Mtoto akiweka mbegu mahali ambapo haikutakiwa, Ticha aliinama, akaiokota kwa vidole viwili, akaila. Polepole, akimtazama mwenye kosa. Ganda alilitemea kiganjani. Hakukaripia, hakupiga. Nimeona watoto wakubwa, wenye ndevu zinazoanza, wanatokwa na machozi kwa sababu ya mbegu ya boga kuliwa mbele yao.

Mimi kule kwenye kona nilijiambia: tundu nimeliona. Huyu anafanya darasa apate mlo wa jioni. Lakini nikafikiri tena. Mbegu zilikuwa zake.

Sheria zake zilikuwa mbili, na alizifanya wimbo. Ritifaa ya Kiingereza, alisema, ama ni kitasa ama ni kaburi. Kitasa kinaonyesha kitu kina mwenyewe: *the teacher's bicycle*, baiskeli ya ticha, usiiguse. Kaburi linaonyesha hapa pamezikwa herufi: *don't*, hapo o amelala, mpite kwa adabu. Basi. Ikiwa si kitasa wala kaburi, mbegu irudi mkononi.

"Pana mwenyewe?" anauliza, amenyoosha kidole kwenye neno.

"Hapana!" watoto.

"Pamezikwa herufi?"

"Hapana!"

"Basi?"

"Piiita!"

Jioni moja kijana mmoja mchokozi, mrefu, mwenye sauti iliyoanza kuwa nzito, alinyoosha mkono. "Ticha, na ng'ombe je? Pale amezikwa nani?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Nami nilicheka, nikaficha uso ndani ya blauzi.

Ticha hakucheka. "Ng'ombe ni wa kwetu," alisema, "ana sheria zake za nyumbani. Sasa hivi tuko ugenini. Ukiwa ugenini unakula wanavyokula wenyeji. Lete mbegu hiyo."

"Ticha, sijaiweka mahali!"

"Umeiweka kwa ng'ombe." Akaila.

Kosa lililomwudhi kuliko yote lilikuwa la wingi. Watoto wetu wakiona s mwishoni mwa neno mikono inawawasha, lazima waitundikie kitu. "Mbuzi wako wakiwa wengi," aliwauliza, "unamfunga kila mmoja kitasa shingoni? Unawahesabu, basi!" Na alikuwa na msemo ambao nimeuazima hadi leo nikipatana na wateja: iliyokosekana ni umaskini, iliyozidi ni wizi.

Wizi. Mtu anayelitaja neno hilo mara kwa mara mimi humwekea alama.

Kitu kingine kilichonitia shaka ni kwamba hakupatana bei. Nilimfuatilia sokoni, sikatai. Alifika kwenye nyanya, akauliza, akatajiwa, akatoa au akaondoka. Basi. Hakusema "punguza mama", hakugeuza fungu kuona za chini zimeoza kiasi gani, hakuomba nyongeza. Songea nzima hakuna mtu anayenunua hivyo. Hata mapadre wanaomba nyongeza. Siku moja alifika kwangu akashika shati jeupe, na mimi, makusudi, nikamtajia bei ya aibu. Akalitazama shati. Akanitazama mimi.

"Hapana," akasema, akalikunja vizuri kuliko nilivyolikunja, akalirudisha.

"Sema basi unayo ngapi, Ticha."

"Umeshasema wewe."

Akaenda zake na shati lake lenye kola iliyogeuzwa, upande uliochakaa ukitazama ndani. Mtu anayegeuza kola si tajiri. Mtu maskini asiyepatana bei ana kipato kingine anakificha. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya, nikairudia, ikatoa jibu lile lile.

Nikaanza kumshuku yeye na fundi wa mabango. Miaka ile kila mwenye maandazi manne alitaka bango, na mjini alikuwepo fundi mmoja maarufu wa kuandika kwa rangi. Ticha alikuwa na desturi ya kuwapeleka watoto mitaani kila Jumamosi asubuhi kusoma mabango na kuyasahihisha kwa sauti. Nikawaza: huyu anaonyesha makosa, mwenye duka anaona haya, anaita fundi afute aandike upya, jioni wanagawana. Mpango safi kabisa. Ningekuwa mimi ningeufanya.

Nikamwendea fundi kwenye kibanda chake, nikajifanya nataka bango.

"Nasikia una mwalimu anayekuletea wateja," nikasema.

"Nani? Yule wa mbegu?" Alitema mate pembeni. "Mama, yule ananifilisi. Mimi natoza kwa herufi. A bei yake, B bei yake. Kale kadudu ka juu si herufi, hakana bei, kwa hiyo kila mteja anakadai kama nyongeza. Nyanya unaongezewa, si ndiyo? Basi na bango hivyo hivyo. 'Fundi, nimekulipa herufi kumi, niongezee tudude twa juu, bango lipendeze.' Naongeza. Wanafurahi. Sasa anakuja yule na watoto wake anasema tudude ni twa wizi, watu wanarudi wananiambia niwarudishie pesa!"

"Kumbe."

"Wewe lako unaandikaje?"

"Nitafikiri," nikasema, nikatoka. Hapo sikupata tundu, lakini angalau nilijua kwa nini mji wetu ulikuwa umemwagiwa ritifaa kama chumvi.

Aliyemwagiwa nyingi kuliko wote alikuwa Bwana Athumani. Huyu alitoka Tunduru. Alianza na korosho, akahamia kwenye mawe, mawe yakampenda, akaja kufungua duka barabara ya sokoni lenye bango refu kuliko paa lake. Mtu mwema, swala tano, anakopesha. Bango lake lilisema ATHUMANI'S STORE'S, na chini yake SODA'S, TYRE'S NA KANGA'S. Alikuwa amemkamua fundi nyongeza mpaka tone la mwisho.

Jumamosi moja Ticha akawasimamisha watoto mbele ya bango lile. Nilikuwepo, nimebeba furushi, natazama. Watoto wana madaftari, wananakili. Ticha ameshika fimbo ya mwanzi.

"La kwanza pale juu. Pana mwenyewe?"

"Panaaa!"

"Vizuri, Bwana Athumani tunamjua. Tushuke. *Soda's*. Pana mwenyewe?"

"Hapana!"

"Pamezikwa?"

"Hapana!"

"Basi?"

"Piiita!"

Wanawake wawili waliokuwa wanaelekea kuingia dukani walisimama, wakatazamana, wakapita. Bwana Athumani akatoka na kikokotoo mkononi.

"Shikamoo mzee," watoto wote kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Ticha, kuna nini mbele ya mlango wangu?"

"Tunasoma, bwana. Bango lako ni zuri, lina mafunzo mengi."

"Mafunzo. Na wanaandika nini?"

"Vitu unavyouza."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Miaka ile mtu akisimama mbele ya duka lako akaandika unavyouza, hakuwa mwalimu. Alikuwa wa kodi, au alikuwa ametumwa na wa kodi. Kabla ya adhuhuri habari zilikuwa zimefika mwisho wa barabara: serikali imeacha kutuma makarani, sasa inatuma wanafunzi, na kiongozi wao anajidai anafundisha Kiingereza bure. *Bure!* walisema wenye maduka. Nani anafundisha bure? Nikawasikia wanasema maneno yangu yale yale, nikakasirika kidogo, kama mtu aliyeibiwa bidhaa.

Juma lile mabango mengine yaligeuzwa uso ukutani. Muuza betri mmoja alitundika gunia juu ya lake. Na Bwana Athumani akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa wa Bombambili, akataka darasa lifungwe.

Kikao kilifanyika nje ya nyumba ya mwenyekiti, kwenye mabenchi ya kilabu. Ticha alikuja na shati lake lile, kola imegeuzwa, akakaa mwisho. Bwana Athumani akasimama.

"Mwenyekiti, mimi sina ugomvi na elimu. Wallahi, wanangu mwenyewe wanasoma. Lakini huyu bwana analeta watoto mlangoni kwangu, wanaimba kwamba duka halina mwenyewe, wanauliza nani kazikwa, halafu wanawaambia wateja wapite! Na wanaandika. Astaghfirullahi, mimi nimfikirieje?"

Watu wakacheka, lakini kicheko chenye shaka. Mwenyekiti akamgeukia Ticha. Ticha akaeleza kitasa na kaburi. Akaeleza vizuri, akaeleza kirefu, na kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kumtilia shaka, maana hakuna aliyewahi kusikia mtu akikitetea kitu kidogo namna ile kwa maneno mengi namna ile.

"Nani mzazi hapa?" mwenyekiti akauliza. "Nasikia kuna mama hukaa humo ndani kila jioni."

Wote wakageuka. Tumaini, aliyekuwa amesimama nyuma na wenzake, alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyasahau. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebaki miezi tu. Alikuwa ameanza kuleta alama za kuonyeshwa wageni. Darasa likifungwa, palikuwa na tuisheni nyingine mjini, za kulipia, na mimi nilikuwa najua kilichomo kwenye pindo la kanga yangu.

"Mama Tumaini," mwenyekiti akasema, "wewe umemwona mtu huyu kwa karibu. Unamdhamini?"

Sasa, kudhamini. Katika maisha yangu sijamdhamini hata mchumba wangu, na mliona alivyokuja kufanya. Nikasimama. Nikamtazama Ticha, naye alikuwa ananitazama, si kwa kuomba, bali kama anayesubiri kusikia kitu anachokijua tayari. Hilo nalo nililiona geni.

"Mwenyekiti," nikasema, "mimi simjui. Nimekaa kwake miezi, simjui. Simdhamini. Lakini viatu nimehesabu kila siku, na watoto nimewahesabu, hajapungua hata mmoja. Na kesho mwanangu atakwenda."

"Hiyo ndiyo hapana au ndiyo?"

"Hiyo ndiyo niliyo nayo."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa kupenda kuwahi chakula chake. Akakata shauri: darasa liendelee ndani, maduka waachane nayo, na Mama Tumaini akae humo kila jioni kama jicho la mtaa. Siku asipokuwepo, hakuna darasa. Bwana Athumani akaridhika. Tumaini akatoa pumzi. Ticha akainama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Kwa hiyo nikawa nimefungwa. Jioni ndiyo saa ya biashara ya mitumba, watu wanatoka kazini. Mimi nafunga turubai napanda Bombambili na furushi. Nilikwenda kwenye mvua, nilikwenda na homa. Kama nisingekwenda, watoto wa watu wangerudi nyumbani bila kitu, na wangu akiwa wa kwanza.

Maduka yalipokatazwa, watoto wakakosa cha kusoma. Hapo nikakumbuka mabelo. Belo la mitumba huja limefungwa kwa karatasi ngumu ya nailoni yenye maandishi ya ughaibuni: *MEN'S SHIRTS*, *CHILDREN'S WEAR*. Miaka yote nilikuwa nakalia ritifaa bila kujua. Nikambebea maganda yale. Ticha aliyapokea kwa mikono miwili, akayatandika sakafuni, akasoma *children's* akafumba macho kama mtu aliyeonja mchuzi wa kwao.

Kisha akafumbua. "Umeyapata wapi haya?"

"Sokoni. Ndiyo kazi yangu."

"Aha." Na baada ya somo, akiwa mlangoni, tena: "Umesema umeyapata wapi?"

Alikuwa hivyo. Alikuwa mkarimu na hakukaribisha mtu. Chai ya kwanza ya kila jioni aliniletea mimi, kabla ya mkewe, na hakukaa kamwe mahali ambapo sikuweza kumwona. Mlango wa chumba cha ndani aliuacha wazi kabisa, mpaka kitanda unakiona. Akianza somo aliwaambia watoto kwa sauti ya mtu anayesomewa shtaka: "Hapa hakuna ada. Sijadai, sidai." Mwezi baada ya mwezi. Mwanzoni nilijua anawaonjesha. Hata mimi nikifungua belo jipya natoa nguo za kwanza kwa bei ya kuonja, kisha napandisha. Nikasubiri apandishe. Hakupandisha. Usiku nyumbani nilimwambia Tumaini, "Mtu huyu ana jambo." Akanijibu, "Ana mbegu, mama. Lala."

Tumaini alifanya mtihani. Kiingereza alifaulu vizuri mno. Somo la hesabu tuliache lilivyo. Akapata ukarani mahakamani, ambako nasikia hakuna barua inayotoka na kosa. Ticha alistaafu, akahama. Nilibaki na ile shaka yangu, haikupata mnunuzi.

Nilikuja kukutana naye Hanga, miaka mingi baadaye, kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wamekaa kwenye mabenchi uwanjani wanakula wali. Nikamwona mzee peke yake mwisho wa benchi, amekonda zaidi, sahani mapajani. Alikuwa na shamba la maharage huko, waliniambia, na nyumba ndogo.

"Shikamoo, Ticha."

"Marahaba." Akanikagua toka kilemba hadi kandambili. Hakuuliza habari za nyumbani. "Mama Tumaini. Wa furushi."

"Ndiye mimi."

"Umekuja kikazi?"

"Nimekuja harusini. Bwana harusi ni mtoto wa kaka."

"Eeh," akasema, kama mteja anayegeuza shati kuangalia mshono. Akatafuna. Akameza. "Kiinua mgongo changu nilikipata, nikakila, kimekwisha. Sasa hakuna wa kunifanya kitu. Naweza kukuuliza jambo?"

"Uliza, mzee wangu."

"Ulikuwa unatumwa na nani? Ofisi ya elimu, au wale wengine wa usalama?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, nikaacha.

"Kutumwa kufanya nini?"

"Usinifanye mtoto. Mwanamke gani anaacha biashara saa ya wateja, anakuja kukaa kwenye kona ya darasa la Kiingereza, anakunja blauzi zile zile kila siku? Kila ukiingia unahesabu. Nilikuona midomo inacheza. Ukanifuata sokoni. Ukanijaribu kwa shati. Ukaniletea karatasi za nje ya nchi uone kama nitauliza. Pale kwenye kikao ndipo nilipohakikisha. Mzazi angesema ndiyo, au angesema hapana. Wewe ukasema, *simjui*. Hivyo ndivyo wanavyosema wale."

"Ticha, nilikuwa namlinda binti yangu."

"Na nani?"

"Na wewe."

Kwaya ilikuwa inaanza kupiga ngoma upande wa pili. Alikusanya wali wake pembeni mwa sahani.

"Nilikuwa niwatoze," akasema. "Mwezi ule ule ulipokuja. Wenzangu wote walikuwa wanatoza ingawa ni marufuku, mshahara ulikuwa haufiki katikati ya mwezi. Watoto walikuwa wameshaonja, wazazi wangelipa. Mke wangu nilikuwa nimemwahidi mabati. Halafu ukaingia na furushi. Mwaka mmoja na kitu nistaafu, nikajiambia, nikitoza mbele ya huyu, kazi imekwenda na kiinua mgongo kimekwenda. Nikasema nisubiri aondoke kwanza." Akanitazama. "Hukuondoka."

"Mwenyekiti alinifunga."

"Na baadaye alikufunga, ndiyo. Nikasema, kumbe na mwenyekiti yumo."

Akilini nilimwona tena mkewe akipepeta mchele uani, na mvua ikivuja kwenye nyasi juu ya watoto wa watu waliokuwa wanasoma bure kwa sababu sisi wawili tulikuwa tunaogopana.

"Mama je?" nikauliza. "Hajambo?"

"Alitangulia. Mwaka juzi."

"Pole sana, Ticha."

"Tumaini alifaulu?"

"Kiingereza alifaulu. Karani mahakamani."

Akaitikia kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea, kisha ukakaza tena haraka, kama mtu aliyegundua ameacha mlango wazi.

"Na leo?" akasema. "Leo hasa, umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, mzee wangu. Nimekuja kula wali."

Alifikiri. Akasogea, akainua sahani yake, akaniachia nafasi kwenye benchi, upande ule wenye mwanga.

"Basi kaa," akasema. "Kaa hapa, nikuone."

Nikakaa. Tukala, tukitazamana.